Swali la Pili

Cécile Chibalonza nilikutana naye Parramatta, magharibi mwa Sydney, mwaka 2019, katika chumba cha mikutano chenye baridi ya mashine kiasi kwamba nusu yetu tulikaa na makoti. Tulikuwa tumeitwa watu wa lugha mbalimbali tufundishwe jinsi ya kuwafundisha wenzetu kupiga kura. Mimi ni Waceke, Mkenya, muuguzi katika hospitali ya Westmead. Yeye alikuwa Mkongo wa kabila la Washi kutoka Bukavu, aliyeishi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, miaka mingi kabla ya kuletwa Sydney, na alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee karibu na kwao Ingleburn. Tulisikilizana kwa Kiswahili, changu cha Nairobi na chake cha Kivu, na tulipoenda kunywa chai tayari tulikuwa tunacheka pamoja.

Aliniambia kwamba uchaguzi wake wa kwanza katika nchi hii aliweka alama ya vema mbele ya jina la mgombea aliyempenda, akaweka kwa uzuri kabisa, akaenda nyumbani amefurahi. Siku ile Parramatta ndipo alipojua kwamba hapa lazima uwape wagombea wote namba, wa kwanza hadi wa mwisho, la sivyo kura imeharibika. Kisha akasema, "Kura yangu ya kwanza tangu nizaliwe, na niliitupa mimi mwenyewe." Hakucheka tena siku hiyo.

Toka hapo akawa mwalimu. Aliwakusanya wanawake sebuleni kwake na kuwapa karatasi ya mazoezi yenye wagombea sita: bugali, wali, sombe ya majani ya muhogo, ndizi, chipsi na mkate. Wanawake waligombana kweli kweli nani apewe namba moja. Wengi walikuwa hawajawahi kupiga kura mahali popote. Mwaka huo walienda kituoni wakijua wanachofanya, na Cécile alisimama nje ya uzio wa shule akiwangoja watoke, kama mzazi anayengoja watoto wa mtihani.

Mumewe, Venant, alipanga mizigo katika ghala moja kubwa la Ingleburn. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema machache. Wote wawili walikuwa katika Umoja wa Faraja, chama cha Wakongo na Warundi wa upande huo wa jiji. Ukifiwa, Umoja ndio unaotangaza msiba, unaoketi nawe, unaopika, unaosimamia mazishi. Kwa mtu ambaye ndugu zake wametawanyika Uvira, Kigoma na Norway, Umoja ndio ukoo. Mwenyekiti, mzee Callixte, alikuwa amewapokea wengi wao uwanja wa ndege kwa mikono yake. Ila katiba ya Umoja ilikuwa ya kikwao. Mwanachama alikuwa mkuu wa kaya. Mke alipiga kura, lakini kwa kuwa yumo katika kaya ya mumewe.

Jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote mpaka yalipompata Divine.

Divine alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na alifanya kazi pamoja na Cécile kwa wale wazee. Korona ilipoingia mwaka 2020, mumewe, Cirhuza, alipunguziwa kazi akawa anashinda nyumbani. Hapo ndipo kipigo kilipoanza, au ndipo kilipozidi. Divine hakuwahi kueleza vizuri. Kazini hakuna aliyejua kwa sababu wote walivaa barakoa. Cécile alijua siku moja wakiwa kwenye mapumziko, Divine alipoishusha barakoa ili anywe chai. Mdomo wa chini ulikuwa umepasuka na shavu limegeuka rangi. Divine alikunywa chai yake, akairudisha barakoa, akaomba asiulizwe.

Mwisho wa mwaka huo majirani waliita polisi. Divine alitoka na watoto wake wawili, akahifadhiwa katika nyumba ya wanawake ambayo anwani yake haitolewi. Komite ya Umoja ilikaa, ikasema Divine ametoka katika kaya ya Cirhuza, kwa hiyo si mwanachama tena. Sidhani kama walikuwa na chuki. Walisoma katiba, na katiba ilisema hivyo. Cirhuza alibaki mwanachama.

Miezi michache baadaye mama yake Divine alifariki Uvira. Mipaka ilikuwa imefungwa, hakuna wa kwenda. Katika kundi la WhatsApp la Umoja, mahali ambapo hata msiba wa shangazi wa jirani ulitangazwa kwa wimbo na picha ya mshumaa, hakukutokea neno. Cécile aliniita. Tulikaa naye wawili tu, katika bustani ya watoto, kwa kuwa nyumbani kwake hatukuruhusiwa kufika. Divine hakulia. Aliendelea kumsukuma mwanawe kwenye bembea. Alisema tu, "Kwetu hata mwizi analiliwa mama yake."

Cécile alirudi nyumbani akaanza kukusanya saini. Katiba iliruhusu jambo kupelekwa kwenye kura kama wanachama wa kutosha wameliomba. Mkutano mkuu wa Aprili ukakubali maswali mawili. La kwanza, kila mwanamke mtu mzima aliye katika kaya ya Umoja awe mwanachama kwa jina lake mwenyewe. La pili, mwanamke aliyeondoka nyumbani kwa sababu ya kupigwa abaki mwanachama, na walioondolewa warudishwe. Theluthi mbili zilihitajika kwa kila swali. Kura ingepigwa ukumbini mwezi wa Agosti.

Venant hakutia saini. Callixte alikuwa rafiki yake tangu kambini, na hakutaka kuonekana anamgeuka. Lakini hakumzuia mkewe. Alimwambia, "Utapiga yako, nami nitapiga yangu. Tusiulizane." Cécile alikubali, na aliniambia kwamba hilo lilimtosha.

Mwishoni mwa Juni jiji likafungwa. Upande wetu wa magharibi ndio ulibanwa zaidi. Helikopta ilizunguka juu ya nyumba, polisi walipita na wanajeshi wakibisha milango kuona kama waliotakiwa kujitenga wamo ndani, na mtu hakuruhusiwa kwenda mbali isipokuwa kwa kazi kama zetu. Ukumbi ukafungwa. Komite ikaamua kura ipigwe kwa posta: kila mtu atatumiwa karatasi nyumbani, ataandika ndiyo au hapana kwenye visanduku viwili, ataitia katika bahasha ndogo, kisha ndogo ndani ya kubwa, atatia sahihi juu ya ile kubwa na kuituma.

Kwa Cécile ilikuwa kama kuanza upya. Kila alichojua kuhusu kufundisha kura kilihitaji sebule na watu waliokaa bega kwa bega. Sasa alikuwa na simu. Aliendesha darasa la Zoom kila Jumamosi, na kila Jumamosi aliona vichwa vya waume vikipita nyuma ya wake zao, wengine wakisimama pale pale. Wanawake walinyamaza. Maswali ya kweli yalikuja baadaye, kwa siri. Mmoja alimpigia akiwa bafuni, amefungulia maji ya bomba. Mwingine alipiga akiwa anaanika nguo, mwingine akiwa ndani ya gari lililoegeshwa.

Swali lilikuwa moja: mume wangu akitaka kuona nilichoandika, nifanye nini?

"Mwambie kura ni siri," Cécile alijibu.

Yule wa bafuni alimjibu bila hasira. "Siri mu nyumba gani, mama? Tuko batu saba mu vyumba mbili."

Nami nilihudhuria mara kadhaa, nikitoka zamu, kumsaidia kueleza mambo ya bahasha. Nilimshauri awaambie wanawake waandikie karatasi kazini, au kwa jirani. Alinitazama kupitia skrini. Wengi wao hawakuwa na kazi wakati ule, na hakuna aliyeruhusiwa kwa jirani. Kwa kweli sikuwa nimefikiri.

Kabla karatasi hazijatumwa, mzee Callixte alimpigia simu Cécile. Venant alikuwapo mezani, akasikia yote. Callixte alikuwa na adabu kama kawaida yake. Alisema komite imezungumza, na kama Cécile ataliondoa swali la pili, wao wenyewe watawahimiza watu waandike ndiyo kwenye la kwanza.

"Hata mimi nitaandika ndiyo, mama Cécile," alisema. "Lakini hilo la pili linatuingiza vyumbani mwa watu. Nani atasema nani alipigwa na nani alitoroka tu?"

"Papa Callixte, mimi nilianza hii kazi kwa ajili ya Divine. Nikimwacha leo, niliita watu kwa nini?"

"Utapoteza yote mawili."

"Basi nipoteze."

Alipokata simu Venant alikuwa anamenya chungwa. Alimpa nusu.

Karatasi zilifika mwisho wa Agosti, mbili kwa kila nyumba. Venant alijaza yake asubuhi kabla ya kwenda ghalani, akageuka ukutani kama mtoto anayeficha daftari, akaitia sahihi na kuipeleka posta mwenyewe. Cécile aliiweka yake kando. Alitaka kuituma mwishoni, baada ya kuhakikisha kila mwanamke aliyemfundisha ameshatuma.

Wiki hiyo hiyo Venant alianza kukohoa. Ghalani kwao walikuwa wameugua wengi. Alikuwa hajachanjwa, alisikia maneno mengi kuhusu chanjo iliyokuwapo kwa watu wa umri wake, akasema atangoja ile nyingine, na miadi yake ilikuwa mwezi uliofuata. Cécile na watoto wao wawili walipimwa nao wakakutwa na korona, lakini kwao haikuwa kali. Venant alichukuliwa na gari la wagonjwa akiwa amekaa, akipunga mkono. Mlango ulipofungwa, wale watatu hawakuruhusiwa kuvuka kizingiti.

Nimefanya kazi katika wodi miaka hiyo, na najua yalivyo. Najua muuguzi anavyomshikia mgonjwa simu akiwa amevaa glavu mbili na kioo usoni, na jinsi ndugu wanavyopiga kelele kwa upande wa pili wakidhani mgonjwa hasikii. Hospitali ya Venant haikuwa yangu, na sikuweza kufanya lolote. Cécile alizungumza naye kwa simu kabla hajawekewa mashine ya kupumulia. Alimwomba radhi kwa mambo madogo madogo. Venant alisema atazungumza kesho. Hakuzungumza tena. Alifariki katikati ya Septemba.

Umoja ulifanya yote uliyotakiwa kufanya, na lazima niliseme hilo. Siku zote za karantini, kila jioni, kulikuwa na sufuria mlangoni: maharagwe, samaki, bugali uliofungwa kwa taulo ubaki moto. Mara nyingi aliyeleta alikuwa Callixte mwenyewe. Aliweka chini, akarudi nyuma hadi barabarani, akavua kofia, akasimama kidogo kabla ya kuondoka. Alikuwa amempoteza rafiki.

Watu kumi tu waliruhusiwa makaburini. Mdogo wake Venant aliyeishi jijini, akiwa sasa mkubwa wa familia, ndiye aliyepanga kumi hao, na siku, na mahali. Wanawake walikuwa wawili, Cécile na binti yake. Mimi nilitazama kwenye simu, picha ikikatika kila upepo ulipovuma.

Baada ya maziko Callixte akapiga tena. Alieleza kwamba mkuu wa kaya akifariki, kaya inasimamishwa mpaka msimamizi mpya athibitishwe, na komite haiwezi kuthibitisha mtu wakati kura inaendelea. Bahasha ya Venant ilikuwa imefika akiwa hai, hiyo itahesabiwa. Ya Cécile haitafunguliwa.

"Mimi ndiye nimewafundisha hii kura," Cécile alisema.

"Najua, mama. Inaniuma. Lakini nikivunja katiba kwa ajili yako, nitaivunja kwa ajili ya wote."

Cécile aliituma hata hivyo. Kisha akalala. Majuma mawili hakushika simu, na wanawake nao hawakupiga, kwa kuwa ni aibu kumsumbua mjane kwa habari za kura. Zilipobaki siku chache kabla ya siku ya mwisho ya kupokea bahasha, alirekodi sauti moja akawatumia wote. Nimeihifadhi. Haichukui hata dakika. Alisema, "Ni mimi Cécile. Mmesikia yaliyonikuta. Kura yangu imewekwa kando, kwa sababu mume wangu amekufa. Wewe bado una yako. Iandike kwa mkono wako. Ya kwanza ndiyo, ya pili ndiyo. Usimsahau Divine." Kisha kunasikika mtoto akimwita kwa Kiingereza, na inaisha.

Jiji lilifunguliwa Oktoba. Mwisho wa mwezi huo nilikwenda kwake Ingleburn, tukaketi tukatazama kura zikihesabiwa kwenye Zoom, bahasha moja baada ya nyingine mbele ya kamera. Picha ya Venant ilikuwa juu ya televisheni, na suruali zake za kazi, zile zenye mistari ya kung'aa, bado zilining'inia nyuma ya mlango. Wachache bahasha zao zilitupwa kwa kukosa sahihi. Cécile alifumba macho kila ilipotokea.

Swali la kwanza lilipita. Callixte alikuwa ametimiza neno lake hata bila makubaliano. Alikuwa ameandika ndiyo, na alisema hivyo mbele ya wote. Swali la pili lilianguka, na lilianguka vibaya. Cécile aliomba namba zisomwe tena. Alikaa akizitazama. Hata kama kila mwanaume katika Umoja angeandika hapana, hapana zisingefika pale. Zilizobaki zilikuwa za wanawake.

"Walikuwa darasani kwangu," alisema. Nikajaribu kumwambia kwamba waliandika wakiwa wamesimamiwa. Akatikisa kichwa. "Si wote."

Na si wote kweli. Mmoja wao alikuja mwenyewe baadaye, akakaa ukingoni mwa kiti. Alisema mumewe hakuigusa karatasi yake wala hakuuliza. "Lakini ningeandika ndiyo, ningeogopa kila siku aseme, wewe unataka kuenda wapi? Sina pa kuenda. Kwa hiyo niliandika hapana, nikalala." Cécile alimpa chai. Yule alipoondoka, Cécile alinipigia na kunirudishia maneno yale jinsi yalivyokuwa, bila kuongeza kitu.

Ilibaki kumwambia Divine. Tulikutana naye Parramatta, karibu na kituo cha feri, mwezi wa Novemba. Watoto wake walikuwa wamerefuka. Tuliwasalimia kwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Cécile alieleza yote, la kwanza na la pili, hakuficha habari ya wanawake. Divine alisikiliza huku akimfunga mwanawe kamba za viatu.

"Kwa hiyo, yaya Cécile, wewe sasa uko ndani kwa jina lako," alisema. Kwao yaya ni dada mkubwa.

"Ndiyo."

"Kwa sababu yangu."

Divine alimaliza kufunga kamba, akasimama.

"Sikulaumu. Ulinililia mama yangu. Lakini usiniombe nifurahi." Kisha akasema hatangoja tena. Alikuwa ameomba kazi katika mji mdogo wa pwani ya kaskazini, mahali ambapo hakuna Mkongo hata mmoja. Alilisema hilo kama mtu anayetaja sifa nzuri ya mahali. Alituaga kwa kutushika mikono, kwa kuwa bado watu walikuwa hawakumbatiani, au labda hakutaka. Krismasi alimtumia Cécile ujumbe wa kushukuru. Baada ya hapo namba yake haikupatikana tena.

Mwaka uliofuata Cécile alipewa kadi ya Umoja yenye jina lake. Alifikiri kuikataa, akaniuliza ningefanyaje. Aliichukua, kwa sababu bila hiyo asingeweza hata kuomba kura nyingine. Kuhusu karatasi ya Venant, ile aliyojaza akiwa amegeukia ukuta, hakujua na hatajua aliandika nini. Kuna siku husema lazima aliandika ndiyo kote kuwili. Kuna siku husema alikuwa rafiki wa Callixte kabla ya kuwa mume wake.

Ulipokuja uchaguzi wa taifa mwezi wa Mei, alifundisha tena, bugali na wali na sombe, na wanawake walikuja sebuleni wakacheka kama zamani. Waligombea namba moja. Walijaza visanduku vyote bila kosa. Alipotoa, mwishoni, karatasi ya kukusanya saini kwa ajili ya swali la pili, wengi walikumbuka kwamba wameacha watoto, wakaanza kutafuta viatu.

Sasa anaenda nyumba kwa nyumba na karatasi ile ya saini. Nilimsindikiza mara moja, Jumapili baada ya ibada. Mwanamke wa nyumba ya kwanza alikuja hadi kwenye geti, akatazama nyuma yake. Kulikuwa na sauti ya mpira kwenye televisheni.

"Mama Cécile, rudi Jumanne," alisema kwa sauti ya chini. "Papa atakuwa kazini."

Cécile alisema sawa, tukaenda nyumba iliyofuata.